Nyekundu si jina la oili

Nina pikapu ya zamani, otomatiki. Niweke oili gani kwenye gia boksi?

Swali hili halikosi, na aina ya gari haitajwi kamwe. Pikapu gani? Ya mwaka gani? Kila kampuni ina oili yake: Nissan wana Matic, Mitsubishi wana SP, Ford wana Mercon. Chomoa dipstiki ya gia boksi, kile kijiti cha kupimia oili, usome. Toyota nyingi za zamani zimeandikwa pale pale. Ikishindikana, kitabu cha gari. Muuza duka anayesema "zote haidroliki, zote nyekundu" anakuuzia rangi.

Hilux ya 1999, dipstiki inasema DEXRON II/III. Nimepata WS, tena ya Toyota. Si bora zaidi?

Hapana. WS ni oili nyepesi, ilitengenezewa gia boksi za baadaye. Tafuta Dexron III ya kampuni inayojulikana, ila ujue General Motors, wenye kiwango hicho, waliacha kutoa leseni yake mwisho wa 2006. Maandishi ya kwenye kopo leo ni ahadi ya mtengenezaji tu, basi dumu lisilo na jina la kiwanda liache dukani, hata likiwa nusu bei.

Fundi kamwaga, zimetoka lita 2 tu. Kanipunja?

Hajakupunja. Nyingi imebaki kwenye konveta, ile inayounganisha injini na gia boksi, na kwenye njia za kupoozea. Rudisha kiasi kile kile kilichotoka, endesha siku kadhaa, umwage tena, mpaka itoke safi.

Kilometa 300,000, oili haijawahi kubadilishwa. Jirani anasema nikibadilisha gia boksi itakufa.

Jirani ameona magari yaliyopelekwa kwa fundi yakiwa mahututi. Gia inachelewa kuingia, gia zinateleza mlimani, ndipo mwenye gari anakumbuka oili. Likizima wiki inayofuata, lawama kwa oili mpya! Pleti za klachi zilikwisha zamani.

Kabla ya kununua chochote, nusa dipstiki. Ikinuka kuungua, oili haitakuokoa. Kama gia zinaingia vizuri, fungua sampo, ile karai ya oili chini ya gia boksi, safisha chujio, weka gasketi mpya. Tope laini la kijivu kwenye sumaku ni kawaida. Vipande vya chuma si kawaida. Kisha badilisha kidogo kidogo kama nilivyosema juu. Mashine ya kusukuma oili yote kwa mkupuo siipendi kwa gari lililotelekezwa hivyo. Na ukikuta oili ya rangi ya maziwa ya stroberi, usiwashe gari tena: rejeta imetoboka kwa ndani, maji yameingia kwenye gia boksi.

Nikipima asubuhi kabla ya kuwasha, oili inapita alama. Nipunguze?

Usiguse! Injini ikizimwa oili hushuka kwenye sampo. Endesha mpaka ipate moto, simama pa tambarare, kanyaga breki, pitisha gia zote urudi P, upime injini ikiwa inaunguruma, alama ya HOT. Hiyo ni Toyota. Mitsubishi hupimwa kwenye N. Na ikizidi kweli, ipunguze, maana hutoa povu na gia huanza kuteleza.

Imebaki nusu lita. Naweza kuiweka kwenye stelingi ya Hilux hiyo hiyo?

Ndiyo, stelingi yake inatumia Dexron. Kwenye breki usithubutu, inaharibu raba zote.