Siku niliyofukuzwa kazi nikasema asante

Wadogo zangu kila nikipiga simu mnaniuliza, eti bro uko Houston mwaka wa sita huu, form six ulimaliza, ung'eng'e unao, sasa darasa la Kiingereza jioni unaendea nini? Na wengine mnataka kujua kama cha kwenu kitatosha mkija. Haya, nawajibu bila kupamba.

Mwaka wa kwanza nilikuwa hotelini, upande wa kufua mashuka, boksi kama boksi zingine tu. Siku moja saa nane mchana meneja akaniita pembeni, sura ya huruma, akasema "we have to let you go". Let naijua, go naijua toka shule ya msingi, nikajua naruhusiwa kuwahi nyumbani, nikamwambia thank you very much na meno yote nje. Kesho yake saa kumi na mbili asubuhi niko mlangoni na yunifomu, nagusisha kadi, mlango haufunguki. Mama mmoja wa Honduras tuliyekuwa tunafua naye ndo akanielewesha kwa mikono, na yeye mwenyewe Kiingereza kinampiga chenga. Wiki hiyohiyo akanipeleka kwenye darasa la bure maktaba ya mtaani kwao.

Darasa limejaa waongea Kihispania, Mexico, El Salvador, Venezuela, Mswahili ni mimi tu. Mwanzoni nilikuwa nawacheka kimoyomoyo maana wanasema "eschool", "estop", kwao hakuna neno linaloanza na s ikifuatwa na konsonanti so wanaweka e mbele kama gongo. Kumbe sisi gongo tunaliweka nyuma, benki, basi, kadi. Halafu mwalimu akaandika irabu zao ubaoni, a e i o u, tano, nikasema hizi si zetu hizi! Ndo maana sote tukiomba "sheets" kule hotelini watu walikuwa wanaangaliana, i ndefu na i fupi kwetu ni moja, linalotoka ni tusi. Na umri nao wanao kama sisi, tengo treinta años, nina miaka 30, basi darasa zima "I have thirty years".

Kwenye nyakati ndo nilipumua kidogo. Wenzangu walihangaika wiki tatu na "I lost my key" na "I have lost my key", mimi naona ni nilipoteza na nimepoteza, imeisha hiyo. Nikajigamba mapema, nikaandika "I am here since 2019", ikapigwa mstari mwekundu, kumbe ni "I have been here". He na she nazichanganya mpaka leo, kwetu wote ni yeye, ila wao hawachanganyi, wao wanaziacha kabisa, "is raining", "is my brother".

Sasa kinachoua ni vile vitenzi vyenye mkia. Sisi mkia tunaushonea humohumo, pika, pikia, pikisha, unasikia kabisa kitu kimebadilika. Kwenye Kiingereza kitenzi kinabaki kilekile, wanabandika kijineno pembeni na maana inahama mtaa. Wenzangu wanakwepa kwa kutumia maneno yanayofanana na ya kwao, badala ya put up with wanasema tolerate, badala ya put off wanasema postpone, na sisi wa form six tunaongea hivyohivyo, kama mahakimu, wakati kazini hamna anayesema postpone. Alafu sikieni hii, hapa ukiumwa una-call in, una-call out, wengine wana-call off, zote ni kwamba leo huendi kazini. Lakini bosi aki-call off kikao, kikao ndo hakipo.

Kwa hiyo jibu langu, kusoma fomu na kupita uwanja wa ndege kitatosha. Simu ya bosi saa kumi na moja alfajiri, hapana. Akisema maneno mawili madogo na yote unayajua, ndo uulize, usione aibu, mimi aibu ilinila nauli ya siku nzima.

Jumanne tunaanza get. Get up, get by, get over, get away with, mwalimu kasema tutakaa nayo wiki mbili, mimi nimeshanunua daftari lingine.