Usiukatishe Mara ya Pili: Ushauri kwa Mashabiki Wanaotengeneza Michezo ya Sauti

Mashabiki wa mfululizo wa televisheni uliokatishwa wana lalamiko moja kubwa, nalo ni kwamba waliachwa njiani. Ajabu ni kwamba wengi wao, wakishaamua kuiendeleza hadithi hiyo kwa mchezo wa sauti, hutoa sehemu mbili au tatu, kisha hunyamaza, na wasikilizaji wao wakaachwa njiani kwa mara ya pili. Nimekuwa nikiandika na kuhariri michezo ya namna hii pamoja na mashabiki wenzangu, na nimesikiliza mingi zaidi ya ile niliyoshiriki. Ninachoweza kusema kwa uhakika ni kwamba kinachoiua si ukosefu wa vipaji wala wa vifaa, bali ni ukubwa wa ndoto iliyoandikwa kwenye ukurasa wa kwanza wa mpango. Ushauri wangu wote unatokana na hapo: tengeneza kitu ambacho kitafika mwisho.

Kundi letu lilijikita katika Firefly, mfululizo kuhusu watu tisa wanaosafiri katika chombo cha angani, ambao kituo cha Fox nchini Marekani kilianza kuurusha Septemba 2002 na kuukatisha Desemba mwaka huohuo. Sehemu 14 zilitengenezwa, 11 tu zikaonyeshwa katika msimu ule, tena bila kufuata mpangilio, kiasi kwamba sehemu ya ufunguzi iliyowatambulisha wahusika ndiyo iliyorushwa mwishoni. Filamu ya Serenity ya mwaka 2005 ilifunga baadhi ya mambo na kuwaua wahusika wawili miongoni mwa wale tisa wa chomboni. Mtu anayependa hadithi hii huvutiwa mara moja na wazo la kuandika msimu mzima wa pili. Nakusihi usifanye hivyo. Chagua pengo dogo lililo kati ya sehemu ya mwisho na filamu, uweke humo kisa kimoja kinachoanza na kuisha, chenye urefu wa dakika 20 au 30. Kwa kuwa mazungumzo ya kawaida hukaribia maneno 150 kwa dakika, na mchezo huhitaji pia nafasi ya milio na ukimya, mswada wa dakika 20 hautapita maneno 2,500 kwa mbali. Huo ni mswada ambao mtu anaweza kuuandika, kuurudia na kuumaliza akiwa bado na hamu nao.

Baada ya kisa, hesabu sauti. Televisheni inaweza kuwakalisha watu tisa kwenye meza moja ya chakula, na mtazamaji akaendelea kuwaona hata wale wasiosema neno, lakini katika mchezo wa sauti mhusika asiyezungumza kwa muda mfupi tu huwa ametoka chumbani. Mimi hupendelea sauti tatu au nne kwa kila onyesho, na huhakikisha kila mmoja ametajwa kwa jina mapema, kwa namna ambayo watu huitana kweli: kwa kufokeana, kwa kutaniana, au kwa kuombana chumvi. Sauti zinazofanana zisiwekwe katika onyesho moja, hata kama waigizaji wote wawili ni hodari. Waandishi wapya hupata shida zaidi na maelezo ya mambo yanayoonekana, wakajikuta wanamfanya nahodha amwambie adui yake kwamba ana bunduki mkononi, kana kwamba adui mwenyewe hajui. Taarifa kama hiyo inafaa ifichwe ndani ya ugomvi. Mtu anayesema, “Ishushe, mkono wako unatetemeka,” ameshatueleza kila kitu, na ameeleza pia jinsi anavyomdharau mwenzake.

Firefly ina jambo lake la pekee ambalo lilitufundisha mengi kuhusu kazi hii. Watayarishaji wake waliheshimu ukweli kwamba sauti haisafiri katika ombwe, yaani mahali pasipo na hewa, kwa hiyo picha za nje ya chombo angani hazina mngurumo wa injini wala mlipuko unaosikika. Kwenye televisheni, ukimya huo unapendeza sana. Kwenye mchezo wa sauti, ukikata kutoka ndani ya chombo kwenda nje kwenye ukimya, msikilizaji atadhani faili limeharibika na ataanza kubofya simu yake. Njia iliyo mbele yako ni kubaki ndani daima na kukisikia kila kitu kupitia mwili wa mtu au wa chombo: pumzi ndani ya kofia ya vazi la angani, mkwaruzo wa redio, bomba linalogongwa na mlio wake kupita kwenye chuma cha ukuta. Watu wawili walio nje redio zikiwa zimezimika wanaweza hata kugusanisha kofia zao na kusikiana kwa mbali, kwa sababu sauti hupita katika vitu vigumu, na onyesho zima linaweza kujengwa juu ya hilo. Kwa maoni yangu, kikwazo cha namna hii kina faida kubwa kwa mwandishi kuliko uhuru wote wa bajeti isiyokuwepo.

Kwa msingi huohuo, kila chumba kipewe mvumo wake. Chumba cha injini kiwe na mzunguko mzito, jikoni kuwe na vyombo na feni ndogo, na chumba cha rubani kiwe na mlio mwembamba wa mitambo. Msikilizaji akishazoea atajua yuko wapi kabla ya mtu kufungua kinywa, nawe utaokoa mistari mingi ya maelezo.

Waigizaji wa kazi hizi kwa kawaida hurekodi majumbani mwao, kila mmoja peke yake, na tatizo la kwanza linalojitokeza ni vyumba vyao. Ninapoomba sauti za majaribio, husikiliza chumba kwa makini kama ninavyomsikiliza mwigizaji, kwani mwangwi wa bafu au wa sebule tupu hauondoki kirahisi kwa programu yoyote. Nguo nyingi zilizotundikwa, blanketi zito na maikrofoni ya bei ya wastani iliyo karibu na mdomo hutoa matokeo mazuri kuliko maikrofoni ghali iliyowekwa katikati ya chumba chenye vigae. Waombe wakutumie faili za WAV, ambazo hazipunguzi ubora wa sauti, badala ya MP3, wakirudia kila mstari mara tatu kwa hisia tofauti, na waache nusu dakika ya chumba kikiwa kimya ili uwe na kitu cha kuzibia mapengo. Kabla ya kurekodi, wakutanishe kwa simu ya pamoja wausome mswada mzima, la sivyo utapata majibu yasiyojibu swali. Kwa onyesho lenye kelele, mpe mwigizaji mngurumo wa injini kwenye vipokea sauti vyake wakati anarekodi, maana bila kelele hiyo atasema kwa utulivu, na hakuna namna ya kumfanya apaaze sauti baadaye kwenye kompyuta.

Usitafute mwigizaji wa kumwiga yule wa asili. Kuiga huchosha sikio baada ya dakika tano, na humfanya msikilizaji apime mfanano badala ya kufuata kisa. Tafuta mtu mwenye mwendo uleule wa kuzungumza, yaani kasi, ukavu wa utani na mahali anapopumua. Ama zile programu za kisasa zinazonakili sauti ya mtu halisi bila idhini yake, mimi sizitumii na singejiunga na kundi linalozitumia.

Suala la haki lisipuuzwe. Mfululizo kukatishwa hakumaanishi kwamba hauna mwenyewe, na haki huhama pamoja na makampuni, kama ambavyo mali nyingi za studio ya Fox zilivyoingia mikononi mwa Disney mwaka 2019. Yaliyowapata mashabiki wa Star Trek, hadithi nyingine maarufu ya safari za angani, yanafaa kukumbukwa: mradi wao wa filamu ya Axanar ulichangisha zaidi ya dola milioni 1, ukafikishwa mahakamani mwishoni mwa 2015, na Juni 2016 wamiliki wakatoa miongozo inayoweka kikomo cha dakika 15 kwa hadithi, au 30 ikigawanywa mara mbili, bila kumlipa mshiriki yeyote, na michango isizidi dola 50,000. Miongozo hiyo iliandikwa kwa ajili ya filamu za mashabiki wa Star Trek, lakini inaonyesha wazi kwamba fedha ndizo zinazowaamsha wenye mali. Toa kazi yako bure, usiuze chochote kwa jina la mfululizo, tamka mwanzoni kwamba ni kazi ya mashabiki, na usichukue muziki wala milio kutoka kwenye sehemu za asili. Milio mingi inapatikana kwenye hazina kama Freesound, ila soma leseni ya kila faili, kwa kuwa nyingine hudai umtaje aliyerekodi.

Wapo waliofika mbali kwa njia hii. Miaka ya 1980 mashabiki wa Doctor Who, mfululizo wa televisheni wa BBC, nchini Uingereza walitengeneza michezo yao na kuisambaza kwa kaseti chini ya jina la Audio Visuals. Baada ya BBC kuusimamisha mfululizo mwaka 1989, kampuni ya Big Finish ilipata leseni, na ilipoanza kutoa michezo rasmi mwaka 1999, baadhi ya mashabiki wale walikuwa miongoni mwa watayarishaji. Mmoja wao, Nicholas Briggs, ndiye aliyetoa sauti za Dalek, maadui wakubwa wa hadithi hiyo, mfululizo uliporejea kwenye televisheni mwaka 2005. Sikutaji hilo ili uote ajira. Ninachokipenda ni kwamba walikuwa na kanda zilizokamilika za kumpa mtu asikilize.

Kwa hiyo andika miswada yote, rekodi yote, hariri yote, na ndipo utoe sehemu ya kwanza. Kabla ya kuitoa, mpe mtu ambaye hajawahi kuutazama mfululizo wenyewe, asikilize mara moja bila maelezo, kisha umuulize kulikuwa na watu wangapi, walikuwa wapi, na nani alimkasirikia nani. Akishindwa kukujibu, rudi kwenye mswada, kwani hakuna mlio utakaoongeza baadaye utakaoliziba pengo hilo.