Kabla hujasimama kwenda kupokea

Noeli ya kwanza baada ya harusi yetu tulikwenda Kibosho, Kilimanjaro, kwa wakwe zangu. Mimi ni Mlutheri wa Machame, mume wangu ni Mkatoliki. Kwenye Misa ya asubuhi watu waliposimama kwenda kukomunika, nami nikasimama. Nilikuwa nimesali na kutubu, sikuona kizuizi. Padre akasema "Mwili wa Kristo", nikajibu "Amina", nikapokea.

Jioni mama mkwe akaniita jikoni. Hakunifokea. Aliniuliza tu, "Mwanangu, leo umepokea nini?" Nikamjibu, "Mwili wa Bwana, mama." Alinyamaza kidogo, kisha akasema yeye siku zote alijua Walutheri tunakula mkate wa ukumbusho. Nami nikakiri kwamba nilikua nikisikia Wakatoliki wanaabudu mkate. Machame na Kibosho zimepakana, na tulikuwa tumefika hapo bila hata mmoja wetu kumuuliza mwenzake.

Kwa hiyo wewe unayetaka kuoa au kuolewa na mtu wa dhehebu lingine, anza na swali lile la mama mkwe, na ujiulize mwenyewe kwanza. Mimi nililikariri jibu kwenye kipaimara nikalisahau: Katekisimu Ndogo ya Luther inafundisha kwamba ni mwili na damu ya kweli ya Bwana. Mwaka 1529 Luther alikutana na Zwingli, mwanamatengenezo wa Uswisi, kule Marburg, Ujerumani, akaandika mezani kwa chaki "Huu ndio mwili wangu" kwa Kilatini, akagoma kulegeza. Zwingli aliona "ndio" hapo maana yake ni "unaashiria". Mambo mengine karibu yote walipatana. Hili likawashinda, na mpaka leo makanisa yanaishi na ufa ule.

Mkatoliki naye anaungama zaidi ya hapo. Kwake, baada ya maneno ya padre mkate si mkate tena. Umbo, rangi na ladha vinabaki, lakini kilichopo ni Kristo mzima. Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu wao, ulilisema hilo waziwazi mwaka 1551. Ndiyo maana hostia, yaani mikate ya komunyo, zilizobaki huwekwa kwenye tabernakulo, kisanduku maalumu kanisani, taa ikawaka kando yake, na watu wakapiga goti wakipita. Kwetu sisi mkate unabaki mkate, na Bwana yumo humo kweli, pamoja nao. Ukishaelewa hivyo, hutamcheka mtu anayepiga goti. Anampigia Yule anayeamini yupo pale.

Na tafadhali, liogope neno "tu". Mdogo wangu ameokoka, anasali kwenye kanisa la Kipentekoste, na kwao Meza ya Bwana ni ukumbusho, kwa mkate na juisi ya zabibu. Siku moja nilimwambia, "Nyinyi mnakumbuka tu." Akaniangalia machozi yakimlengalenga. Kwake kukumbuka ni kusimama chini ya msalaba, na Bwana mwenyewe ndiye aliyesema, "Fanyeni hivi kwa ukumbusho wangu." Nilimwomba radhi, na bado neno lile linaniuma.

Sasa foleni ya kukomunika. Sikuipanga tena. Sheria ya Kanisa Katoliki, kanuni ya 844, inataka komunyo wapewe Wakatoliki, isipokuwa katika hali chache, kama hatari ya kifo. Mwanzoni niliona nimebaguliwa, nakaa kwenye benchi mume wangu akienda peke yake. Nimekuja kuona kwamba "Amina" ile ni kukiri imani yao yote, na mimi sijaikiri yote. Kukaa kwangu ni kusema kweli mbele za Mungu. Inauma, na nadhani inapaswa kuuma.

Sisi si wa kwanza kuumia huku kwetu. Juni 1913, huko Kikuyu, Kenya, wamisionari wa madhehebu kadhaa walishiriki Chakula cha Bwana pamoja, Askofu wa Kianglikana wa Mombasa akiongoza. Frank Weston, Askofu wa Zanzibar, naye Mwanglikana, akataka maaskofu wa Mombasa na Uganda washtakiwe kwa uzushi. Ugomvi ukafika hadi Uingereza. Wote wawili nawaelewa, yule aliyeikunjua meza na yule aliyeilinda.

Mazungumzo mengine yafanyeni kabla ya ndoa, hasa ya watoto. Mkatoliki huahidi kufanya kila awezalo wabatizwe na kulelewa Kikatoliki, na wewe lazima ujulishwe ahadi hiyo. Usikubali kuisikia siku ya harusi. Sisi tuliizungumza usiku mzima, tukalia, tukakubaliana. Wanetu wamepata komunyo ya kwanza, na sala ya jioni naongoza mimi.

Mwaka jana mama mkwe alilazwa kitandani, hawezi tena kufika kanisani. Padre humletea komunyo nyumbani. Nikiwa Kibosho ni mimi ninayetandika kitambaa cheupe mezani na kuwasha mshumaa. Kisha napiga magoti kando ya kitanda chake, yeye anapokea, na akimaliza hunishika mkono.