Namba A au namba D?

SWALI: Habari za kazi fundi. Mimi niko Ndanda, korosho msimu huu zimenilipa kidogo nikasema ngoja ninunue gari, ndo ya kwanza hii. Kuna mwalimu hapa jirani anauza Corolla 110 namba A, manyuo, afu kuna IST namba D iko Mtwara mjini, otomatiki, inang'aa balaa ila bei karibu mara mbili. Shemeji anasema namba A ni chuma chakavu. Nichukue ipi?

JIBU: Nzuri kaka, hongera kwa korosho. Shemeji mwambie hiyo herufi ya kwenye namba ya gari inaonyesha gari imesajiliwa lini hapa bongo, haisemi imetengenezwa lini Japani. IST za kwanza zilianza kutoka 2002, kwahiyo hiyo namba D inaweza kabisa kuwa ya 2003, ishapita miaka 20 hiyo, na 110 ni za 1995 mpaka 2000, yani unaweza ukalipa mara mbili kwa tofauti ya miaka mitatu minne na rangi. Soma mwaka wa kutengenezwa kwenye kadi ya gari.

Kwenye injini, 110 nyingi zina 5A, inatumia mkanda wa taimingi, muulize mwalimu kabadilisha lini, akianza kuguna jua huo mkanda ni wako, maana ukikatika gari inazima hapohapo ulipo. IST inatumia cheni, hiyo haibadilishwi ovyo ila inataka oili safi, na kama ilipigishwa utaksi oili ikawa inacheleweshwa utaisikia inakwaruza ukiiwasha, ndo maana nenda asubuhi injini ikiwa baridi, ukikuta ashaipasha ondoka urudi kesho.

Ila kinachonitisha mimi ni kutu. Mtwara pale chumvi ya bahari haina utani, niliwahi kununua gari Shangani rangi mpyaa, kuja kunyanyua kapeti naona lami! Ingia chini na tochi, gonga sakafu, angalia na pale shokapu zinapofungwa.

Mimi ningechukua ya mwalimu kama sakafu nzima, buti lake linameza gunia na chenji inayobaki inanunua mkanda na taili. Kwa njia za shambani mchangani zote mbili ziko chini, hapo hamna mshindi. Hakikisha tu kadi ina jina la mwalimu mwenyewe, na hela ya mwisho mpe mkishamaliza kuhamisha umiliki TRA.