Sema kwanza unahesabu nini

Shikamoo mwalimu. Mbona kwenye jumla za namba tasa hutumii 1? (Mwanafunzi, Uyole)

Marahaba. Kwa sababu 1 si namba tasa. Swali hili linarudi kila mara, na jibu limo kwenye madaftari yenu ya shule ya msingi.

Tumebishana na mwenzangu. Nasema 10 ina njia 3 za kuwa jumla ya namba tasa mbili, yeye anasema 2. Nani kapatia? (Makambako)

Wote. Wewe umeandika 3+7, 7+3 na 5+5. Mwenzako anaona 3+7 na 7+3 ni kitu kimoja. Ubishi umekuja kwa sababu hamkukubaliana kwanza mnahesabu nini. Barua nyingi ninazopokea zina kasoro hiyohiyo: safu ndefu ya namba, kanuni haipo. Mimi hapa sijali ipi imetangulia.

Nimehesabu njia hizo kwa namba shufwa hadi 30, zinaongezeka tu. Je, nimethibitisha dhana ya Goldbach, kwamba kila namba shufwa kubwa kuliko 2 ni jumla ya tasa mbili? (Mwalimu, Tukuyu)

Hapana, mwalimu mwenzangu, na rudia hesabu yako: 26 ina njia 3, 28 ina 2. Halafu 30 inapanda hadi 3, nayo 32 inashuka tena: 3+29 na 13+19, basi. Kushuka huko kuna sababu. Chukua 32 utoe 5, 11, 17 na 23 moja moja. Unabaki na 27, 21, 15 na 9, zote zinagawanyika kwa 3. Tasa zinazobakiza 2 zikigawanywa kwa 3 hazina mwenza hapo, isipokuwa 29, iliyookolewa na 3 yenyewe. Kwa 30 hakuna kizuizi hicho, kwa hiyo ina 7+23, 11+19 na 13+17. Uzuri wa mfuatano huu uko kwenye kupanda na kushuka huko, nawe umepita bila kutazama.

Goldbach alimwandikia mwanahisabati mwenzake Euler kuhusu dhana hiyo mwaka 1742. Kompyuta zimekagua namba shufwa zote hadi 4×10¹⁸, hakuna iliyokosa jozi, na bado huo si uthibitisho. Anayekutaka ulipe ada ili akuchapishie "uthibitisho" wako, usimpe hata shilingi.

Namba ipi ndogo kuliko zote ina njia 3 za kuwa jumla ya tasa zinazofuatana? (Mafinga)

41: ina 11+13+17, ina 2+3+5+7+11+13, na ina 41 peke yake. Kama hiyo ya mwisho huihesabu, 41 inabaki na njia 2, nawe hukusema.