Bosi kaninyang'anya funguo za sefu kwa sababu naumwa akili: je, dini inamruhusu?

SWALI: Asalaam aleikum sheikh. Nina miaka 34, naishi Ngarenaro, Arusha, na huu ni mwaka wa sita nafanya uhasibu katika kampuni ya utalii. Nina ugonjwa wa bipola, ule wa akili kupanda kupita kiasi kisha kushuka, natumia vidonge kila siku. Mwaka huu nililazwa siku 9. Kazini niliwaambia nina vidonda vya tumbo, lakini mwenzangu mmoja akaja kuniona kwenye foleni ya kliniki ya akili. Mwezi uliopita bosi, ambaye ni Muislamu na tunaswali msikiti mmoja, kaninyang'anya funguo za sefu, kanihamishia stoo, na zile siku 9 kanikata mshahara. Wenzangu wananiita "Mirembe", jina la hospitali ya wagonjwa wa akili. Haijawahi kupotea shilingi mikononi mwangu. Ustadhi wetu anasema bosi yuko sahihi kwa kuwa Qur'ani imekataza asiye na akili kupewa mali, na kwamba niache vidonge nisomewe Qur'ani. Je, mshahara niliokula huku nikificha ugonjwa ni haramu? Niache kazi?

JIBU: Wa aleikum salaam warahmatullah. Ndugu yangu, barua yako nimeisoma mara tatu, na nitaanza na mshahara, maana naona ndio unaokunyima usingizi.

Mshahara wako ni halali. Mtume (s.a.w.) aliposema "anayetughushi si katika sisi", alikuwa ametia mkono kwenye lundo la nafaka sokoni akakuta chini imelowa. Kasoro ilikuwa ndani ya bidhaa, na mwenye kuuza aliifunika. Wewe unauza hesabu, na hesabu zako za miaka sita zilikuwa kavu juu na chini. Umekosea hapo kwenye vidonda vya tumbo tu. Huo ni uongo, muombe Allah msamaha, na siku nyingine sema "nina kliniki", basi. Ingekuwa unaendesha gari la wageni kuteremka kreta ya Ngorongoro huku dawa zinakulewesha usingizi, ningekwambia kusema ni wajibu, kwa kuwa roho za watu zimo. Wewe kazi yako ni vitabu vya hesabu.

Sasa nije kwa ustadhi, na hapa sitapunguza maneno, kwa sababu hoja yake hii nimeshaisikia Moshi pia, na inaumiza watu.

Aya anayoitumia ni ya 5 katika Suratun-Nisaa. Ukisoma tarjuma ya Kiswahili utakuta "wasio na akili", na hapo ndipo wengi wanapoteleza. Neno la Qur'ani ni *sufahaa*. Safihi ni mtu anayefuja mali, asiyejua kuitumia kwa maslahi, hata kama hajawahi kuumwa kichwa maisha yake yote. Mgonjwa wa akili, fiqhi (elimu ya sheria za dini) ina jina lake jingine na mlango wake mwingine. Kisha aya inayofuata, ya 6, inaeleza utaratibu: wajaribuni mayatima, na mkiona wana busara ya mambo wapeni mali zao. Yaani kipimo ni kumjaribu mtu na kuona. Wewe umejaribiwa miaka sita! Ni mtihani gani mwingine anautaka bosi wako?

Halafu ustadhi kaisoma aya nusu. Mwisho wake Allah anaamrisha walishwe kutokana na mali hiyo, wavishwe, na waambiwe maneno mazuri. Basi hata tungekubali, kwa ubishi tu, kwamba wewe ni katika hao, aya inayotumika kukunyang'anya funguo ndiyo hiyo hiyo inayoharamisha kukukata mshahara na kukuita Mirembe.

Wako pia wanaoegemea hadithi ya kalamu kuinuliwa kwa watatu: aliyelala mpaka aamke, mtoto mpaka abalehe, na mwendawazimu mpaka akili imrudie. Hiyo ni rehema. Imekuja kumuondolea mtu dhambi wakati hajitambui. Ni dhulma kuigeuza ikawa kitanzi cha kumnyonga akiwa anajitambua. Na tazama neno "mpaka". Madhehebu yetu ya Shafi, ambayo ustadhi huyo ndiyo anayoyasomesha, yanasema wazi kwamba kizuizi cha mali juu ya mwendawazimu huondoka pale pale akili inaporudi, wala hahitajiki kadhi kukiondoa. Safihi ndiye ambaye kizuizi alichowekewa na kadhi hakiondoki bila kadhi. Hayo yamo katika vitabu vya fiqhi vya madhehebu. Na wewe mtu unayeandika barua iliyonyooka namna hii, unayeuliza kama chakula chako ni halali, unahesabiwa wazimu kwa kipimo gani?

Nina uchungu na jambo hili, sitaficha. Mjomba wangu alikuwa fundi cherehani. Alipoanza kuumwa, watu walewale waliokuwa wakimletea kanzu za Idi walianza kupeleka vitambaa kwingine, hata miezi aliyokuwa mzima na mkono wake ni uleule. Alikaa mbele ya cherehani iliyofunikwa shuka mpaka akafa. Hakuna aliyemwambia neno baya. Walipita tu.

Imam Muslim amepokea kutoka kwa swahaba Anas kwamba mwanamke mmoja, akilini mwake mlikuwa na kitu, alimwambia Mtume: nina haja nawe. Akamjibu: "Ewe mama wa fulani, tazama njia yoyote uitakayo, nikutimizie haja yako." Akasimama naye njiani mpaka haja yake ikaisha. Alimwita kwa jina la heshima la mzazi, akamwachia yeye achague mahali. Huyo ndiye ambaye bosi wako anamswalia kila siku. Na hao wanaokuita Mirembe wajue kuwa ni jina la hospitali ya Dodoma ambako watu wanatibiwa, na kwamba waliotangulia kumtupia mtu neno la wazimu ili kumvunja ni makafiri wa Makka, na mtu mwenyewe alikuwa Mtume wetu. Allah akamjibia katika Suratul-Qalam: kwa neema ya Mola wako wewe si mwendawazimu.

Kuhusu vidonge: usiache. Mabedui walipouliza kama wajitibu, Mtume alisema jitibuni, kwani Allah hakuweka ugonjwa ila ameuwekea dawa, isipokuwa uzee. Kisomo hatukikatai, soma na usomewe, lakini hakuna aya inayosema kisomo na kidonge havikai kifua kimoja. Ibn al-Qayyim, mwanachuoni wa zamani ambaye wapenda kisomo humtaja sana, amegawa kifafa mafungu mawili, na moja akakiri ni la mwili na ni kazi ya matabibu. Na Ramadhani ikikaribia muone daktari kwanza, hasa kama unatumia lithiamu, moja ya dawa za bipola, maana mwili ukikaukiwa maji dawa hiyo huzidi kwenye damu ikadhuru. Akikuzuia kufunga, kula, na usimuonee haya mtu.

Bosi wako ana haki moja nayo nitaisema. Unajua mwenyewe kwamba ugonjwa huu ukipanda, mtu anaweza kutumia fedha asivyotumia siku zote. Akisema sefu ifunguliwe kwa funguo za watu wawili, na iwe hivyo kwa kila mhasibu, hana kosa, na inakulinda wewe kabla ya kumlinda yeye. Mchague pia mtu mmoja pale ofisini unayemuamini, umuonyeshe dalili zako za mwanzo. Zaidi ya hapo, kukushusha kwa jambo ambalo hukulifanya ni dhulma, na Allah ametuamrisha uadilifu hata kwa tunaowachukia, sembuse mtu wa safu yako.

Na zile siku 9 ni deni shingoni mwake. Waislamu hushikamana na masharti yao, na mkataba wako umeandikwa chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, inayompa mfanyakazi siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 za mwanzo kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu. Peleka cheti cha hospitali, udai kwa barua, ubaki na nakala. Sheria hiyohiyo inakataza kumbagua mfanyakazi kwa sababu ya ulemavu, na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inapoeleza ulemavu inataja na sababu za akili. Ukiona hasikii, nenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Wana ofisi hapo Arusha. Malalamiko kama yako yana siku 60 tangu tukio, na mtu akifukuzwa ana siku 30 tu. Hesabu tangu siku ile uliyokabidhi funguo. Usiseme utangoja msimu wa wageni uishe, maana kampuni nyingi hupunguza watu mvua za masika zikianza, na hapo utaambiwa ni biashara imepoa.

Kuacha kazi sikushauri sasa. Mtu wa ugonjwa wako anahitaji asubuhi yenye pa kwenda, na dawa zinahitaji fedha. Lakini ukiona stoo ile inakuangusha afya, ondoka baada ya kudai chako, na hakuna atakayekulaumu mbele ya Allah.

Nitakuwa Arusha Ijumaa ijayo. Ukiridhia, nitakaa na bosi wako baada ya swala, sisi wawili, bila ustadhi na bila watu. Usiporidhia sitamtajia kabisa, kwa kuwa siri ni yako. Niandikie kabla ya Alhamisi.

Wallahu a'lam.