Gauni la viskosi limerudi: kosa ni la fundi?

SWALI: Mimi ni fundi cherehani, Tanga. Nilimshonea mteja gauni la viskosi. Lilipofuliwa mara ya kwanza likarudi, pindo likapanda juu ya magoti. Muuzaji aliniambia kitambaa hicho kimetokana na mti. Ni kweli, au ni nailoni tu?

JIBU: Pole kwa hasara, dada. Muuzaji hakukudanganya. Chomoa uzi mmoja uuchome: viskosi huwaka kama karatasi, hunuka karatasi, na majivu yake husagika vidoleni. Nailoni huyeyuka ikaacha kidonge kigumu.

Mbao husagwa na kupikwa zikawa rojo la selulosi, kitu kilekile kilichomo kwenye pamba. Kiwanda cha Umkomaas, Afrika Kusini, hulitengeneza kwa mikaratusi. Rojo hulowekwa kwenye kostiki, ile ya watengeneza sabuni, likachanganywa na kemikali iitwayo kaboni disulfidi, na likiyeyushwa huwa zito kama asali. Husukumwa kwenye vitundu vyembamba mno kuingia kwenye asidi ya salfa, likaganda kuwa nyuzi. Waingereza Cross, Bevan na Beadle waliisajili njia hiyo ya kuyeyusha selulosi mwaka 1892.

Tatizo lako linaanzia hapo. Katika kuyeyushwa, minyororo ya selulosi hukatika ikawa mifupi na kukosa mpangilio, kwa hiyo maji hupenya kwa urahisi. Pamba ikilowa huongezeka nguvu. Viskosi hupoteza karibu nusu ya nguvu zake, ikavimba. Isitoshe, kiwandani kitambaa huvutwa kikingali kibichi. Kikikutana na maji tena, hulegea na kurudi kwenye urefu wake wa asili.

Kwa hiyo kosa lilikuwa kukata kabla ya kuloweka. Kiloweke kwanza kwenye maji ya vuguvugu, usikikamue kwa kusokota, kianike kivulini kikiwa kimelazwa, kipige pasi, ndipo upime.

Ukipata kitambaa cha laiyoseli, kama cha chapa ya Tencel, kichukue. Nacho ni cha mti, ila huhimili maji vizuri zaidi. Mimi nakipenda pia kwa ajili ya wafanyakazi: kaboni disulfidi huharibu mishipa ya fahamu ya wanaoivuta, na laiyoseli haiitumii kabisa. Kiyeyushi chake hukusanywa na kutumiwa tena, zaidi ya asilimia 99.

Gauni la mteja usilitupe. Lilowanishe, livute taratibu kwa viganja kuelekea pindoni, ulipige pasi likingali na unyevunyevu. Urefu uliopotea utapatikana tena kiasi. Unaobaki, fumua pindo ulishushe.